Alhamdulillahi, sijambo: nlojifunza kwa fomu ya siku saba ya babangu

Siku ile daktari aliisoma karatasi ya damu mpaka akatabasamu. Himoglobini 11 na nusu, plateleti sawa, chembe nyeupe zimerudi, na ile protini ya mailoma, kansa yake, iliyotutesa mwaka mzima haionekani tena. Ilikuwa imepita siku ya mia na kitu tangu babangu arudishiwe seli zake za kutengeneza damu kule Chennai, India. Akamuuliza, "Mzee, unaendeleaje?" na baba akamjibu jibu lake lile lile, "Alhamdulillahi daktari, sijambo." Bas, hata dakika kumi hazikufika tukawa tushatoka, mimi nimejaa furaha natuma voisi kwa grupu ya familia kwamba kila kitu kiko sawa, watu wanarudisha dua, shangazi alieko Lamu analia kwa furaha.

Tukachukua tuktuk kurudi Kibokoni. Baba ameshika ile chuma ya mbele kwa mikono miwili, kimya, halafu tulipokuwa twaingia Mji wa Kale akanambia bila kuniangalia, "Mwanangu, yule daktari amefurahi. Ila hiyo afya aloiona kwa karatasi, mimi mwilini bado sijaiona."

Hilo neno lilinikaa. Ndio sababu naandika haya, najua kuna familia nyingi hapa Mombasa sai zinauguza mtu wa kansa, zingine zishapitia upandikizaji, zingine ziko mbioni kuchanga pesa za safari, na hili jambo la kupima maisha yenyewe ya mgonjwa, anavyolala, anavyokula, anavyojihisi akiwa peke yake, sisi hakuna alotuambia mapema.

Nianze nyuma kidogo. Babangu ni mshona kofia. Zile kofia za viua, vitundu vidogo vya kushonwa, za mkono, ambazo moja inachukua miezi mtu akiishona kwa haki. Alifundishwa na babake Lamu akaja nayo kazi hii Mombasa, na tangu nipate akili zangu nimemuona ameketi barazani baada ya alasiri, kofia gotini, uzi mdomoni, anasalimiana na kila anaepita. Ugonjwa ulianza kama mgongo. Miezi minane tunakanda mafuta, tunanunua dawa za maumivu, mara tuambiwe ni umri, mara ni kuketi sana kwa kushona, mpaka siku moja akainua ndoo ya maji mfupa wa uti wa mgongo ukavunjika. Vipimo vilipokuja ndio tukasikia neno mailoma, kansa inayoanzia kwa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, inakula mifupa, inamaliza damu, ikiachwa inaharibu na figo.

Akapigwa kemo kwanza hapa hapa nyumbani, sindano za bortezomibu chini ya ngozi ya tumbo na tembe za steroidi, miezi mitano. Halafu tukaenda Chennai kupandikizwa. Watu wengi wakisikia kupandikizwa uboho wanadhani mtu anapasuliwa mfupa ama lazima ndugu atoe, na mimi nlidhani hivyo. Kumbe baba alitumia seli zake mwenyewe. Anachomwa sindano siku tano ili uboho utoe zile seli mama ziingie kwa damu, kisha mashine inazichuja kupitia mshipa masaa kadhaa, zinagandishwa. Baadae anapewa melfalani, kemo nzito ya kufagia uboho wote, na wakati inaingia nesi alikuwa akimpa vipande vya barafu avimumunye bila kusimama, ati baridi inafanya mishipa ya mdomo isinyae dawa isiufikie sana, vidonda vipungue. Kisha seli zake zinarudishwa kwa mpira kama mtu anaeongezwa damu. Hiyo ndio wanaiita siku sifuri. Chumba kizima kilinuka kitunguu saumu, ni ile dawa ya kuhifadhia seli, na baba alitapika mara mbili. Halafu siku kumi na mbili za kuhara, homa, mdomo umechubuka, chembe nyeupe zikisoma karibu na sifuri, mpaka asubuhi moja nesi akaja anacheka, zimepanda.

Sitaki kukaa sana Chennai. Wengi washaandika ya wodini. Yangu mimi yanaanza tulipofika nyumbani.

Wiki ile ya tuktuk nlimpeleka baba kliniki nyingine, ya huduma shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso. Niliogopa kwenda, nasema ukweli, kwa sababu huku mtu akisikia shufaa anajua ni kwa wanaosubiri kufa, mamangu hata alilia. Lakini rafiki yangu alonipeleka alinishikilia twende tu. Sista wa pale, mwanamke wa makamo, mpole, hakumpima baba chochote cha damu. Alitoa fomu. Akasema hii inaitwa FACT-BMT, imetengenezwa kwa watu waliopandikizwa uboho. Sehemu ya kwanza ina maswali 27 ambayo yanatumika kwa kansa yoyote, yamegawanywa mwili, watu wa karibu, moyo na shughuli za kila siku, halafu kuna sehemu ya pili ya mambo ya upandikizaji wenyewe. Kila jambo unaweka namba, 0 hapana kabisa, 1 kidogo tu, 2 kiasi, 3 sana, 4 sana mno. Na yote ni ya siku saba zilizopita.

Ilikuwa inaingia adhuhuri, baba akaenda kuswali. Mimi nikaona niokoe muda nimjazie. Namjua babangu, nlijiambia, ni mimi nampikia, namuogesha mgongo, nalala chumba cha pili naskia akikohoa, ni nini kumhusu yeye ambacho sijui? Nikajaza yote. Sista aliporudi akaiangalia akauliza, "Hii amejaza nani?" Nikamwambia. Hakunigombeza. Akaiweka upande, akatoa nyingine tupu, akasema, "Hii yako tutaihitaji pia. Sasa mngoje babako."

Baba alipokuja sista akamsomea swali moja moja, fomu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza akawa anaigeuza Kiswahili. Mimi nikaombwa nikae kimya. Nusu saa nzima. Kisha akaziweka karatasi mbili sambamba mezani, na hiyo dakika naikumbuka mpaka rangi ya meza.

Maumivu, mimi niliweka 3. Baba 1. Kufurahia maisha, mimi 1 kwa sababu nilimuona hacheki kama zamani, baba 3. Kujutia kupandikizwa, mimi niliogopa nikaweka 2, baba 0, akasema kwa sauti, "Kwani bila hiyo ningekuwa hapa?" Hapo nlifurahi. Halafu tukafika swali la kujihisi uko mbali na watu. Mimi nlikuwa nimeweka 0 bila hata kufikiria, nyumba yetu ni ya watu saba na wajukuu wanakimbizana ngazini, upweke utatoka wapi. Baba ameweka 4.

Nikamuuliza pale pale mbele ya sista, mbali na watu vipi baba? Akanyamaza. Akasema, "Tangu turudi sijapewa mkono na mtu."

Na ni kweli. Na alofanya hivyo ni mimi. Chennai walitupa karatasi ya masharti, miezi ya kwanza jihadharini na maambukizi, epukeni msongamano, asikaribiwe na mtu mwenye mafua, matunda yaoshwe na kumenywa, asile kitu kibichi. Mimi nikaichukua ile karatasi nikaifanya ukuta. Mtu akibisha nafungua mlango nusu, namwambia baba amelala. Rafiki zake wa baraza, wazee aloswali nao miaka thelathini, nawapokea chakula waloleta nawarudisha. Mjukuu akimkimbilia namvuta shati. Miezi mitatu na nusu. Watu wakaacha kuja, na baba akadhani wanamuogopa, kwamba wameambiwa ana ugonjwa mbaya unaoambukiza. Hakusema. Kila akiulizwa anasema alhamdulillahi, sijambo.

Sista akatuelekeza vizuri, kwamba damu ishapanda sasa, wageni wawili watatu kwa wakati, nje penye hewa, wanawe mikono, anaekohoa asije, na msikitini asubiri daktari amruhusu kwanza kisha aswali pembeni penye upepo. Baraza yetu iko nje, upepo wa bahari unapita siku nzima! Ningeulizwa mimi mahali salama pa kumpokelea mgeni Mombasa nzima ningetaja baraza, na mimi ndie nilomfungia ndani.

Alasiri ile ile nikampeleka barazani na kiti chenye mto. Nikaweka birika la kahawa tungu na ndoo ya maji na sabuni. Wa kwanza kupita alikuwa fundi wa makufuli, akasimama, akaniangalia mimi kwanza kama anaomba ruhusa, nikamuonyesha sabuni. Akanawa mpaka viwikoni, akafuta kwa kanzu yake, akampa baba mkono. Hawakusema kitu muda mrefu wameshikana tu.

Sasa kuhusu hizi fomu zenyewe nlikwenda nikasoma, manake nilitaka kujua ni kitu gani hiki kilichotoa kwa nusu saa neno ambalo mimi miezi sikulisikia. Zamani daktari ndie aliyekadiria. Kuna kipimo cha Karnofsky cha mwaka 1949, daktari anamuangalia mgonjwa anampa namba, 100 ni mzima anafanya kila kitu, ikishuka 50 anahitaji kusaidiwa sana, 0 ameshakufa. Kinatumika mpaka leo na kina kazi yake. Lakini hapo mgonjwa hasemi kitu, anaangaliwa tu. Fomu za kumuuliza mwenyewe zilikuja kushika sana miaka ya 90, FACT ya jumla ilichapishwa 1993 Marekani, mwaka huo huo Ulaya wakatoa yao inaitwa QLQ-C30, maswali 30, na hii ya waliopandikizwa uboho ikafuata 1997. Kwa hiyo si kitu cha jana. Sista alinambia pia utafiti mmoja wa Boston uliotoka 2016, wagonjwa 160 wanaopandikizwa, karibu nusu wakaongezewa timu ya shufaa tangu wodini, na wiki mbili baadae, zile siku mbaya kabisa, wale wenye timu maisha yao yalishuka kidogo kuliko wenzao, na huzuni na wasiwasi pia vilikuwa chini. Hayo maisha waliyapimaje? Kwa fomu hii hii. Mamangu nilipomweleza akaacha kulia kuhusu neno shufaa.

Kitu kingine kilichotoka siku ile kilikuwa vidole. Kuna maswali ya kazi, unaweza kufanya kazi, kazi yako inakuridhisha, na kazi za nyumbani zimo. Mimi niliweka 2 kwa sababu baba anakunja nguo, anachambua mchele. Yeye aliweka 0 mara mbili. Sista akamuuliza kwa nini, baba akatoa mfukoni sindano ilochomekwa kwa kipande cha kitambaa na uzi. Alikuwa akitembea nayo! Akajaribu kutia uzi mbele yetu. Akaukosa tundu, akalowesha uzi, akaukosa tena, sindano ikaanguka mezani na yeye hakujua imeanguka, vidole viliendelea kushika hewa. "Hazihisi," akasema. "Ni kama nimevaa glavu."

Ganzi ile imetokana na zile sindano za kemo za mwanzo, daktari alituthibitishia tuliporudi kwake. Bortezomibu inaweza kudhuru mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Na hiki ndicho kinaniuma, nataka wenzangu mkisikie: ukisema mapema, ganzi ikianza tu kwa ncha za vidole, daktari anaweza kupunguza kipimo ama kutenganisha siku za sindano, na mara nyingi mtu anapona taratibu. Baba alianza kuhisi mwezi wa pili wa kemo. Hakuna alomuuliza, na hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha ganzi, na yeye aliona ni jambo dogo la kumsumbulia daktari mwenye foleni ya watu hamsini. Alipewa gabapentini ya usiku kwa ule moto wa nyayo, ukapungua akaanza kulala. Ganzi yenyewe aliambiwa ni subira, miezi, pengine zaidi.

Fedha. Kuna swali la mwisho mwisho, gharama ya matibabu ni mzigo kwangu au kwa familia yangu. Mimi nimeweka 1. Tulikuwa tumekubaliana sisi watoto asijue kwamba kile kiwanja cha Mtwapa kimeuzwa, tukamwambia pesa zilitoka kwa mchango na bima. Baba 4. Hata sista aliposoma swali hakungoja amalize. Nilipomuuliza njiani alijuaje akasema, "Jirani wa kiwanja alinipigia kunipa pole, tukiwa bado Chennai." Kwa hiyo mwanamume yule amelala wodini mdomo umechubuka hawezi kumeza mate, huku anajua kiwanja kimekwenda, na anatuachia sisi tufurahie siri yetu. Tulikaa kikao usiku ule, ndugu wote, tukamueleza hesabu yote, tumepata kiasi gani, tunadaiwa na nani. Alisikiza, akauliza maswali mawili, akasema sasa amepumua. Mwezi uliofuata aliweka 3.

Na lile swali la chumbani, najua mtauliza, lipo. Kwenye sehemu ya familia kuna swali la mambo ya ndoa, na lina kisanduku cha kusema sipendi kujibu. Mtoto asiwe ndie anaemsomea mzazi swali hilo. Sista alifika hapo akanituma nikalete maji, nilipoelewa baadae nilimshukuru sana. Mamangu alikuja kunambia tu kwamba siku nyingine waliitwa wawili wakazungumza na sista mlango umefungwa, na kwamba dawa hizi na uchovu zinapunguza mengi na watu wengi huachana kimoyomoyo bila kujua ni dawa. Hakuongeza na mimi sikuuliza.

Lugha nayo ilitupa kazi. Swali la huzuni sista alilisoma, "Una huzuni?" Baba akasema, "Huzuni ni ya msiba, mimi nyumbani kwangu hakujafiwa." 0. Sista akajaribu tena, "Moyo wako mzito?" Baba akafikiri. "Ah, huo uko. Hasa alfajiri." 3. Mtu angekubali lile jibu la kwanza angeandika babangu hana huzuni kabisa na karatasi ingekuwa safi. Kukubali ugonjwa vile vile, yeye alishangaa kuulizwa, ni kadari ya Mungu nikatae niende wapi, akaweka 4 hapo hapo. Ikiwa mgonjwa wako ni mtu mzima wa pwani tafuta mtu anaeongea lugha yake ya nyumbani, na umuambie neno kwa njia mbili tatu. QLQ-C30 ina tafsiri ya Kiswahili, ulizeni hospitalini kwenu, ila hata hiyo mzee wa Mji wa Kale atakusimamisha kwa neno.

Tena siku saba. Baba mwanzoni alikuwa akijibu kwa maisha yake yote, ukimuuliza una nguvu anapima na alivyokuwa kijana akibeba magunia bandarini. Tukabadilisha, tukamwambia tangu Ijumaa ilopita mpaka leo. Ijumaa anaijua, anakumbuka aliswali wapi, alikula nini baada ya hapo. Majibu yakatulia. Na tunajaza siku moja ya wiki, saa moja, kabla hajala dawa, kwa sababu tuliona akijaza siku alochoka kliniki kila kitu kinashuka.

Lakini kuna jambo lilinitatiza miezi, nalo ni kwamba swali la kuchoka kwa haraka lilibaki pale pale. Siku ya mia 3. Mwezi wa sita 3. Mimi nikaona hapana, mbona namuona anapanda ngazi sasa? Nikaanza kuandika vitu kwa daftari la shule. Kutoka mlangoni kwetu hadi msikitini kuna baraza za nyumba za watu njiani. Daktari aliporuhusu aanze kwenda, mwezi wa nne, alikuwa anaketi tatu kabla hajafika. Mwezi wa tano mbili. Mwezi wa sita anaketi moja, na hiyo moja ni kwa sababu mwenye nyumba anamuita. Nikamuonyesha daftari nikamuuliza vipi baba bado unaweka 3? Akanambia, "Wakati ule nilikuwa nataka kufika msikitini tu. Sasa nataka kufika Kongowea." Nikamueleza sista, akasema ni jambo linalojulikana, mtu akipona matarajio yake nayo yanapanda, namba inabaki ile ile na mtu ameshasogea mbali. Ndio maana anasoma majibu na mgonjwa mbele yake, halafu anauliza, wiki hii umefanya nini ambacho mwezi ulopita hukuweza. Uchovu wenyewe ni wa kweli, ni kati ya vitu vinavyokaa muda mrefu zaidi baada ya upandikizaji, na baba alipimwa damu tena na tezi ya shingo, akaambiwa atembee kila siku hata kidogo, jioni jua likipoa. Tunakwenda naye Mama Ngina, tunakula viazi vya karai vilivyotoka motoni sasa hivi, achari mbichi bado simruhusu.

Ladha ilirudi mwezi wa nane. Siku hiyo aliomba mbaazi za nazi na mahamri, akala mahamri mawili, akasema mamangu amezidisha iliki. Tangu Chennai kila kitu kilikuwa kina ladha ya chuma, na huyu ni mtu alokuwa akijua tui la kwanza na la pili kwa harufu. Mama alisimama jikoni ameshika mwiko, akasema, "Amelalamika," na akaketi.

Jumla ya fomu, sista akiitoa, ni kati ya 0 na 148, na maswali mabaya wanayageuza ili namba kubwa iwe ndio nzuri. Siku ya mia baba alikuwa 79. Mwaka mmoja ukatimia akawa 112. Nimefurahi na hizo namba na nimezituma kwa grupu, lakini kila nikizitaja lazima niwaambie watu ni swali gani lilipanda, kwa sababu 79 ile ilikuwa na mlango wangu ulofungwa ndani yake, na daktari alokuwa na karatasi ya damu tu aliona siku hiyo hiyo mtu mzima. Kansa yenyewe tumeambiwa wazi, mailoma inaweza kurudi, baba anakula tembe za kuituliza kila siku na amerudia chanjo kama mtoto mchanga. Hilo swali la kuogopa hali yako itazidi kuwa mbaya huwa anaweka 2 na mimi nimeacha kumuomba apunguze.

Daktari wetu wa damu sasa anapokea ile karatasi. Mara ya kwanza nilipompa aliiweka chini ya faili, nikamuomba asome swali moja tu, la kazi, lile lililotoa habari ya vidole. Akasoma. Siku hizi anaanza nayo, anamuuliza baba, "Mzee, naona hulali wiki hii, ni nini?" na baba akianza na alhamdulillahi anamngoja amalize, halafu anamuuliza tena.

Wiki iliyopita tulijaza ya mwaka na miezi mitatu. Baba anashika kalamu mwenyewe sasa, nimemuandikia maswali kwa Kiswahili kwa herufi kubwa. Tulikuwa barazani, kahawa imemiminwa, fundi wa makufuli yuko pembeni. Kuna swali, unaridhika na maisha yako yalivyo hivi sasa. Akakaa sana hapo. Mkononi alikuwa na ile kofia alioanza kabla ya ugonjwa, iliolala sandukuni miaka miwili, mjukuu wake wa kike ndie anaemtilia uzi, anamuwekea sindano tano sita tayari kabla ya kwenda madrasa. Viua vya siku hizi si vidogo kama vile vya mwanzo, ukiangalia karibu unaona pale ugonjwa ulipoingia. Akazungushia 3. Nikamuuliza hiyo nne tunaiweka lini. Akaigeuza kofia akahesabu safu zilobaki kwa ncha ya kidole gumba, ile ncha ambayo imeanza kuhisi.

"Hizi," akasema, "kumi na moja."